Jik, HTH ama vidonge? Hesabu ya klorini kabla hujatia kitu kwenye tangi

Mvua za mwezi wa nne zikishakolea simu zinaanza. Mwalimu anayesimamia tangi la shule, sista wa kituo cha afya, jamaa wa kamati ya maji kule kambini, wote wanauliza kitu kimoja: nitibu maji na Jik, na ile poda ya HTH, ama na vile vidonge vidogo vya kwenye karatasi? Na kila mmoja ameshaambiwa na jirani kwamba moja ndio "kali" kuliko zingine.

Sasa mimi huwa nawaambia hivi, hizo tatu zikishaingia kwenye maji zinakuwa kitu kimoja. Jik ni sodium hypochlorite, HTH ni calcium hypochlorite, vidonge vingi ni NaDCC (sodium dichloroisocyanurate), lakini zote zinatoa asidi ileile ya hypochlorous, HOCl, ambayo ndio inaua vijidudu. Bakteria hajui ulinunua chupa ama kopo. Anachokutana nacho ni miligramu za klorini kwa lita, basi. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: ni ipi utaweza kuipimia vizuri, uitunze isife, na uishike bila kuumia, hapo ulipo na maji uliyonayo?

Mambo ya kuangalia ni haya. Kwanza hesabu, yaani ni rahisi kiasi gani kutoka kwenye lebo hadi kwenye gramu. Pili inakaaje stoo. Tatu usalama wa mikono, macho na kifua chako. Nne kiasi cha maji, sababu jerikani la lita 20 na tangi la lita 10,000 ni dunia mbili. Halafu gharama, lakini gharama kwa gramu ya klorini. Bei ya chupa peke yake haikwambii kitu.

Kabla ya kuchagua: maji yako yanakula klorini ngapi?

Hii watu wengi wanairuka na ndio ingepaswa kuwa ya kwanza. Klorini ukiitia haiendi moja kwa moja kuua vijidudu, inaanza kuliwa na uchafu, na madini, na kila kitu kinachoweza kuoksidika. Mfano mzuri ni chuma. Visima vingi vya bomba la mkono huku kwetu Uganda, mabomba ya chini yakishaliwa na kutu, unapampu asubuhi maji yanatoka masafi, baada ya saa moja ndani ya jerikani yamekuwa rangi ya chai. Hicho ni chuma. Ukipiga hesabu ya moli, molekuli moja ya klorini (uzito 70.9) inaoksidisha atomu mbili za chuma (2 × 55.85), kwa hiyo kila miligramu ya chuma inakula kama miligramu 0.63 ya klorini. Maji yakiwa na chuma miligramu 3 kwa lita, klorini karibu 1.9 imeshakwenda kabla bakteria hata mmoja hajaguswa. Amonia ndio mbaya zaidi, chemchemi za mjini zilizo chini ya vyoo vya shimo zinaweza kuwa nayo, na hesabu yake ni molekuli 3 za klorini kwa 2 za amonia, ukiigeuza kuwa uzito kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inataka karibu 7.6 za klorini ndio iishe. Kwa chemchemi ya namna hiyo mimi ningeshauri utafute chanzo kingine kabla ya kutafuta klorini zaidi.

Lakini huhitaji maabara kujua maji yako yanakula ngapi, unahitaji ndoo nne. Tengeneza kwanza dawa ya 1% (namna iko chini, kwenye Jik na kwenye HTH), yaani gramu 10 za klorini kwa lita, ambayo ni miligramu 10 kwa kila mililita moja. Chukua ndoo nne za lita 20 za maji yaleyale unayotaka kutibu. Kwa bomba la sindano (bila sindano) tia ml 2 ndoo ya kwanza, ml 4 ya pili, ml 6 ya tatu, ml 8 ya nne. Hesabu: ml 2 ni miligramu 20, gawa kwa lita 20 unapata miligramu 1 kwa lita. Kwa hiyo ndoo zako ni 1, 2, 3 na 4. Koroga, funika, ngoja dakika 30. Halafu pima mabaki, yaani klorini iliyobaki ndani ya maji, na kile kifaa cha rangi wanachopimia mabwawa ya kuogelea, unaweka kidonge cha DPD maji yanageuka pinki, ukilinganisha na rangi za pembeni unasoma namba.

Tuseme umepata sifuri, 0.1, 0.6 na 1.5. Shirika la Afya Duniani linataka mabaki yasipungue 0.5 baada ya nusu saa, na pH (kipimo cha asidi ya maji) iwe chini ya 8. Basi ndoo ya tatu ndio jibu lako. Maji yako yanakula 2.4 na dozi yako ni 3. Hiyo 3 ndio nitakayoitumia kwa zote tatu hapa chini tulinganishe sawa kwa sawa.

Na kama maji ni ya tope, yaani huoni chini ya ndoo, acha klorini kwanza. Yaache yatulie, chuja, ama tumia alum (shabu, inayogandisha tope), ndio urudi. Ukitia klorini kwenye tope unalisha tope.

JIK NA WENZAKE

Hesabu. Chupa nyingi zimeandikwa 3.5% ama karibu na hapo, lakini soma yako usisome yangu. 3.5% ni gramu 35 kwa lita, ama miligramu 35 kwa mililita. Andika hiyo mahali ukutani, nitaeleza sababu. Tangi la lita 10,000 kwa dozi ya 3 linataka miligramu 30,000, ambazo ni gramu 30, gawa kwa 35 unapata lita 0.857, sema ml 860. Kutengeneza ile dawa ya 1% ni C1V1 = C2V2 ya darasani (nguvu mara ujazo kabla ni sawa na nguvu mara ujazo baada): 3.5 × V = 1 × 1000, V ni ml 286 za Jik, jaza maji hadi lita moja. Kwa upande wa hesabu Jik ndio tamu zaidi kwa sababu ni kimiminika, unapima kwa chupa yenye alama na huhitaji mizani.

Sasa ile sababu ya ukutani. Miaka ya nyuma niliitwa kutibu tangi la lita 5,000 kwenye shule moja, dozi niliyoitaka ilikuwa 2 kwa lita, yaani gramu 10. Nikagawa 10 kwa 3.5 badala ya 35, nikapata lita 2.86, na nilikuwa na haraka, sikujiuliza mbona nyingi. Nikaimwaga. Kesho yake asubuhi hedimasta ananipigia, "Fundi, watoto wameyakataa maji, macho yanawasha." Nikamuuliza, "Mwalimu, wamekunywa?" "Wachache wameonja." Niliendesha hadi pale tumbo likiwa baridi, tukapima, kifaa kikagonga mwisho wa rangi kwa sababu ilikuwa kama 20 kwa lita wakati kikomo cha Shirika la Afya ni 5. Tulimwaga tangi zima, shule ikanunua maji ya jerikani siku ile na nikalipa mimi. Hakuna mtoto aliyelazwa, namshukuru Mungu. Tangu siku ile sitii klorini kabla ya kupiga hesabu mara mbili kwa njia mbili, na mtu wa pili aisome.

Kukaa stoo. Hapa ndio Jik inaanguka. Joto na mwanga vinaiua polepole, na chupa iliyokaa kwenye rafu ya duka inayopigwa jua la saa nane unaweza kuikuta imebaki nusu ya nguvu na lebo bado inasema 3.5%. Kuna njia ya kuikagua: chukua ml 1 ya Jik uiweke kwenye lita 1 ya maji ya chupa, hiyo inapaswa kuwa miligramu 35 kwa lita. Kisha chukua ml 50 za mchanganyiko huo ujaze maji ya chupa hadi lita 1, sasa inapaswa kuwa 1.75. Pima na DPD. Ukisoma 0.9 ujue Jik yako ina nusu tu, na dozi yako inabidi uizidishe mara mbili. Lita mbili za maji ya chupa na dakika kumi, umeshajua ukweli wa chupa yako. Mimi hii hesabu naipenda kuliko zote.

Mkononi. Inachubua na kuharibu nguo lakini kwa 3.5% ni ya upole ukilinganisha na poda. Hatari yake kubwa ni kuchanganya, watu wanaimwagia chooni pamoja na dawa za asidi na inatoa gesi ya klorini papo hapo, ama inakutana na mkojo na kutoa gesi ya chloramine. Na usinunue ile ya harufu ya ndimu ama iliyotiwa sabuni kwa ajili ya maji ya kunywa.

Inamfaa nani. Kituo cha afya, mkahawa, nyumba yenye tangi dogo, na ndoo za kunawia mikono. Mnakumbuka Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, kila mlango una ndoo ya bomba. Dawa ya kunawia ni 0.05%, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inataka gramu 10 za klorini, na hiyo ni ml 286 za Jik ya 3.5%. Wengi walikuwa wanatia kifuniko kimoja wanasema inatosha, wengine chupa nzima na wanaojinawa wanapasuka ngozi.

HTH

Hesabu. Ukichukua fomula Ca(OCl)₂ na ukapiga moli utapata kwamba ikiwa safi kabisa klorini yake inayofanya kazi ni 99% ya uzito. Wanafunzi wa uhandisi wa mazingira wananipa jibu hilo na wanakosea dozi, kwa sababu kopo halina kitu safi, kopo lina 65 hadi 70%, iliyobaki ni chumvi na chokaa. Kwa hiyo moli ni nzuri ya kuelewa kwa nini, lakini dozi inatoka kwenye lebo. Tangi letu: gramu 30 ÷ 0.65 = gramu 46. Dawa ya 1%: gramu 10 ÷ 0.65 = gramu 15.4 kwa lita.

Na gramu zinatakiwa mizani. Usiniambie vijiko, kijiko kilichojazwa na kijiko kilichopigwa flati vinaweza kupishana karibu mara mbili, na poda iliyoshika unyevu ni nzito kuliko kavu. Mizani ndogo ya jikoni ya kusoma gramu moja inatosha.

Kitu kingine, usitie poda moja kwa moja kwenye tangi. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, korogea mti, iache itulie. Chini kutabaki kitu cheupe kama uji wa chokaa, hicho usikitie, hakina kazi na kinaziba mabomba. Unamwaga ile ya juu iliyo wazi.

Kukaa stoo. Kopo likiwa kavu na limefungwa inakaa vizuri, inapoteza kidogo kwa mwaka. Likishafunguliwa huku kwetu Entebbe ama ukanda wa ziwa wenye unyevu, inaganda mabonge na nguvu inapungua. Nunua kopo utakalolimaliza kwa miezi michache.

Mkononi. Hapa lazima niseme kwa sauti. HTH si sabuni, ni kioksidishaji kikali, ikikutana na mafuta, dizeli, vumbi la mbao ama matambara yenye grisi inaweza kuwaka yenyewe. Na stoo nyingi za shule nilizoziona, kopo la HTH limekaa kando ya jerikani la dizeli la jenereta. Tafadhali toa kesho. Ukichanganya, tia poda ndani ya maji, usimwagie poda maji. Miwani, glavu, na simama upepo ukiwa mgongoni kwako. Vumbi lake likiingia kifuani utakohoa siku nzima.

Gharama. Kilo moja ya 65% ina gramu 650 za klorini, chupa ya Jik ya ml 750 ina kama gramu 26. Kwa hiyo kilo moja ni kama chupa 25. Chukua bei za duka lako, gawa kwa gramu hizo, utaona mwenyewe.

Inamfaa nani. Shule za bweni, skimu ndogo za maji za senta (vijiji vya biashara), hospitali, makambi ya wakimbizi kama Nakivale ambako maji ya ziwa yanatibiwa kwa wingi, na kusafisha kisima ama tangi jipya. Inataka mtu mmoja mwenye kujua, mwenye funguo ya stoo. Kama kila wiki anatia mtu mwingine, HTH itawasumbua.

VIDONGE

Hesabu yake imeshafanywa na kiwanda. Kile cha miligramu 67 cha Aquatabs na wenzake kinatoa karibu miligramu 40 za klorini, na kwenye jerikani la lita 20 (kidomola, kwa wanaosema Kiganda) unapata 2 kwa lita. Maji yakiwa na rangi weka viwili, 4 kwa lita. Kwa ile dozi yetu ya 3 kimoja hakitoshi, viwili vinazidi kidogo, na viwili ni sawa, bado uko chini ya 5. Ila soma pakiti, kuna vidonge vya miligramu tofauti kwa jerikani tofauti, na mtu akikatia kipande kutoka kwenye karatasi bila lebo hujui umepewa cha lita ngapi.

Tangi la lita 10,000 lingetaka vidonge vidogo 750. Hakuna anayefanya hivyo. Kuna vile vikubwa vya gramu kadhaa, ukivipata soma vinatoa gramu ngapi za klorini na ugawe, hesabu ni ileile.

Stoo ndio ushindi wake, vikiwa ndani ya karatasi zake vinakaa hadi miaka mitano. Mkononi ni salama kuliko zote, hatari yake ni mtoto kudhani ni panadol, viweke juu. Kwa gramu ya klorini kwa kawaida ndio ghali zaidi, karatasi ya vidonge kumi ina gramu 0.4 tu. Lakini unacholipia ni kutokukosea.

Vinawafaa wanaohama, wanaopokea watu ghafla, wanaoishi mbali na bomba. Februari 2018 kipindupindu kilipozuka Hoima, watu wanavuka Ziwa Albert kutoka Kongo wanashukia mwaloni kisha kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, mtu wa hali ile ana jerikani moja na hana mizani wala bomba la sindano. Huyo humpi somo la C1V1, unampa kidonge na kumwonyesha kuhesabu nusu saa.

BASI KWA HALI YAKO

Una jerikani nyumbani na maji yanaonekana masafi: vidonge, ama Jik isiyo na harufu kama umeipima nguvu. Ml 1 ya 3.5% kwenye lita 20 inakupa 1.75 kwa lita, pungufu ya hapo usishuke bila kupima mabaki.

Kama una tangi la shule la lita elfu kadhaa na mtu mmoja wa kudumu, HTH na mizani. Kama mtu huyo anabadilika kila muhula, afadhali Jik hata kama unalipa zaidi, kwa sababu kosa la Jik linatoka polepole, kosa la poda linatoka kwa kilo.

Kituo cha afya kinahitaji nguvu mbili kwa siku moja, 0.5% ya kusafishia sakafu na 0.05% ya mikono. Hapo tengeneza ya 0.5% asubuhi kutoka kwa chochote ulicho nacho, kisha ile ya mikono uitoe humo kwa sehemu moja ya dawa na sehemu tisa za maji. Andika nguvu na tarehe kwenye kila ndoo, na jioni mwaga iliyobaki.

Maji ya kisima chenye kutu, usichague bado. Fanya ndoo nne kwanza. Kama hata ndoo ya 4 inasoma sifuri, tatizo lako ni chuma, yapitishe hewani kwa kuyamwaga kutoka ndoo hadi ndoo, yaache yatulie usiku, chuja ile kutu iliyokaa chini, ndio upime tena. Na kama wasiwasi ni cryptosporidium (kimelea cha kuharisha), mdudu huyo anaihimili klorini ya dozi hizi zote, chemsha.

Yoyote utakayochukua, nenda kwenye bomba la mwisho kabisa, lile la mbali na tangi, na kifaa chako cha pinki. Ukisoma 0.2 ama zaidi pale, maji yamefika yakiwa na ulinzi. Ukisoma sifuri rudi kwenye ndoo nne, kwa sababu tangu ulipopima mara ya mwisho maji yamebadilika, na mwezi wa nne huku kwetu yanaweza kubadilika ndani ya usiku mmoja.